Barafu ya Maji Matupu

Mdogo wangu mpendwa,

Mola akuhifadhi huko kazini kwako. Sisi tupo, na friji bado inakoroma kama shemeji yako.

Ile barafu ya tui la nazi na ndizi niliyokuwa nikimgandishia mwanao, daktari ameikataza nayo. Yalitangulia maziwa, ikafuata sukari, sasa tui. Utumbo wake hauponi. Jana niligandisha maji matupu kwenye kikombe, nikachomeka kijiti, nikampa huku nikiona haya.

Akalamba, akaniambia, "Mama mkubwa, hii ndiyo tamu kuliko zote."

Mtoto wa miaka sita ndiye anayenibembeleza. Nimesali hadi maneno yameniishia. Usingoje mkataba uishe, mdogo wangu. Njoo angali ananijibu.

Ni mimi dada yako