Skrini ya Akoth

Thika,
14 Agosti

Kwa kaka yangu mpendwa Boaz,

Salamu nyingi kutoka huku Thika. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko salama hapo Siaya, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Sisi tunapumua. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ningekudanganya tena, kwa hivyo nimeketi nikaandika.

Unajua dada yetu Akoth anaishi kwa kuchora beji za shule kwenye kompyuta, ili mashine izidarizi kwenye sweta. Unajua pia presha ya macho ilivyomwandama. Mwezi wa pili daktari alimwambia wazi kwamba hakuna skrini itakayomponya, ila kubwa ya 4K, ile inayoonyesha hata uzi mmoja mmoja, ingempa miezi michache ya kazi. Miezi hiyo alitaka kumfundisha binti yake Lynn, asibaki bila ujuzi. Ndipo ukatuma elfu thelathini na tano, ukasema Calvince ana duka la skrini za mitumba, hatakosa moja.

Biashara hii haina huruma, kaka. Vijana wa Ruiru wanaofanya kazi za mtandaoni walikuwa wakizigombania skrini hizo. Kampuni iliyowalipa kuchora mistari kwenye picha, ili kompyuta zijifunze kutambua vitu, ilitaka kila mtu awe na skrini kubwa, na mzigo wa mitumba uliisha kabla sijaupangusa vumbi. Bei ilipanda kila wiki. Nilimwambia Akoth asubiri, nikakuambia na wewe, kwamba mzigo umechelewa bandarini. Akanitania kwamba kweli mganga hajigangi, muuza skrini ana dada anayesoma kwa kunusa.

Mwezi wa sita ile kampuni ilifunga kazi ghafla. Sasa vijana wananirudishia skrini, wengine machozi yakiwalengalenga. Nilizowauzia elfu hamsini wanaomba kumi na tano, na hata hizo sina. Nimebaki na skrini tano dukani, hakuna anayeuliza bei.

Jumapili baada ya kanisa nilimpelekea Akoth iliyo bora kuliko zote. Nikaiunganisha, beji ikajaa kioo kizima, nyekundu na kijani, hata mimi nikashangaa. Lynn akapiga makofi. Akoth alisogeza uso, akapapasa ukingo wa skrini kwa vidole, kisha akaniuliza kwa upole nitaiwasha saa ngapi.

Boaz, hakuna mzigo uliochelewa. Tarehe tisa Aprili skrini ya Akoth ilikuwa dukani kwangu, nimeifunga kwa blanketi na kubandika jina lake. Akaja mtu wa Ruiru na elfu hamsini na mbili mkononi. Nikabandua jina. Nilijiambia nyingine itakuja wiki ijayo kwa bei ya chini, Akoth apate yake na mimi nibaki na faida. Kila wiki nilijiambia hivyo, na kila wiki bei ikapanda. Macho hayakungoja. Naona haya, kaka, na sioni pa kuanzia kurekebisha.

Yeye hajui. Amenituma nikuandikie kwamba skrini ameipokea, ni nzuri sana, na Mungu akuzidishie. Akasisitiza nisikuambie kwamba yeye haioni, usije ukaumia bure.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mama zaidi.

Ni mimi mdogo wako,
Calvince