Kura ya Mama Mdogo Zuwena

Mama yangu,

Nakuamkia huko uliko, kwa Mola aliye mpole kuliko sisi. Shikamoo. Hapa Ibra tu wazima, ila chumba chako sijathubutu kukigusa. Jumatano nilikwenda soko la wanawake, na yule bibi muuza bukhuri za kufukizia nyumba akaniuliza, "Mamako hajambo?" Hakuwa na habari. Nikalipa, nikaondoka.

Mama, nimekwenda Unguja, kama ulivyoniagiza.

Wanao tulikuwa tukishangaa tu. Kila ukija uchaguzi wa hapa, wajukuu wakipigia kura kwenye simu zao, wewe hunyanyuka ukaenda zako jikoni. "Mie nilipiga zamani, yanitosha." Wiki yako ya mwisho ndipo uliponishika mkono ukanambia. Kumbe zama zile za siasa mtaa wenu huko Unguja uligawika. Wewe na Baba chama hiki, mdogo wako Zuwena na mumewe chama kile. Watu hawauziani dukani, hawaalikani harusini. Kura zimekwisha kuhesabiwa, wiki haijapita, akafariki Salma, mtoto wa Zuwena, kwa homa. Hajatimia miaka minne. Nyumba ya tatu kutoka yako, Mama, na hukwenda.

"Wanawake wa chama walisema atakayekwenda si mwenzetu," ulinambia. "Nikawasikia kwa Zuwena wanalia, nikakaa ndani."

Halafu mambo yakaharibika, wewe na Baba mkavuka bahari mkakimbilia huku, msionane naye tena. "Nenda kaniombee radhi kwa Zuwena," ulisema. Siku ya nne yake ukaondoka.

Nilimkuta, Mama. Yuhai. Njia nzima nilikuwa nikiomba nimkute hai, na sasa sijui kwa nini niliomba.

Anakaa kwa mwanawe. Miguu imemshinda, lakini akili yake timamu. Nilipomwamkia alinitazama usoni, akasema, "Wewe mtoto wa Asha." Nikamwambia umefariki. Akaniashiria nikae. Nikamfikishia maneno yako yote, moja moja.

Kisha akasema, polepole, kama anamhadithia mtu mwengine:

"Siku ya kura mume wangu alinipeleka mwenyewe, akaningoja nje. Nilipoingia nyuma ya pazia nikatia alama kwa chama chenu. Chama cha dada yangu. Sikumwambia mtu, ningelipewa talaka siku ile ile. Salma alipokufa nikasema, Asha atakuja, nitamnong'oneza. Siku zote tatu za matanga macho yangu yalikuwa mlangoni."

Nikamuuliza, "Mama mdogo, umemsamehe?"

"Angelikuja mwenyewe."

Basi. Akataka alazwe, nikamlaza, akageukia ukutani.

Hayo ndiyo niliyorudi nayo, Mama. Nilifikiri nikija kaburini nikudanganye, niseme amekusamehe, amelia, tumekumbatiana. Sikuweza. Kumbe alikuwa wenu. Hata hiyo sababu yenu ya kumsusa haikuwepo. Na hata angelikuwa wao, Mama, mtoto ni mtoto.

Nakukasirikia. Halafu naona haya, vipi namkasirikia maiti? Ulinilea, ulinifundisha kuingia nyumba ya msiba kabla sijajua kusoma. Hapa Ibra hapakufa mtu usiende, jirani, mgeni, hata usiyemjua jina. Nilikuwa nikikusifu kwa watu. Sasa najua ulikuwa ukienda kwa nani. Na miaka yote hii simu zipo, ndege zipo. Ulingoja nini, Mama? Nakuombea dua, inakatika katikati, naanza upya, inakatika.

Sikuandikii kukuhukumu. Sina mwengine wa kumwambia.

Lala, Mama. Mola akusitiri kwa lile ulilolificha na lile ulilolijutia. Mimi nakuahidi hivi: Idi ikipita nitarudi kwa Mama Mdogo, na kila nitakapopata nafasi, maadamu yuhai. Nitampikia, nitamfulia, nitakaa naye hata asiponisemesha. Radhi sitamwomba tena. Hiyo ilikuwa uiombe wewe.

Mwanao,
Nasra