Tetere Aliyetumbukia Kwenye Wino

Mjukuu wangu mpenzi,

Huku mawingu yametanda wiki nzima, nami nimefurahi kama mtoto. Usicheke. Jua kali humtia ndege vivuli vizito, lakini wingu huusambaza mwanga taratibu, kila unyoya ukahesabika. Ila anga jeupe huidanganya kamera, ndege akatoka mweusi tii. Ndiyo maana mimi husubiri atue mbele ya majani, kisha naongeza mwanga kidogo.

Jana nilimpiga picha tetere kwenye ukuta wa jirani, kajikunyata kwa baridi. Nikakaa kwenye kompyuta, nikamrekebisha rangi mpaka nikaridhika, nikamwita bibi yako.

"Mzee, huyu tetere ametumbukia kwenye wino?"

"Ni kijivu, mama watoto."

"Kijivu cha wapi? Buluu tupu hiyo!"

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Halafu akanikokota hadi kwa daktari wa macho. Kumbe nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ukungu wake hunizibia buluu, nami nikawa naiongeza kwenye picha. Jumatatu watanipasua jicho la kulia. Naogopa kidogo, basi.

Bibi amezikagua picha zote nilizokutumia, zote buluu. Nawe kila mara ulijibu, "Nzuri sana, Babu." Ahsante kwa huruma, lakini sasa nataka ukweli. Nimekuwekea humu picha ya tetere yule, rangi zake sijazigusa. Mrekebishe kwa macho yako mazima, unirudishie. Nikifunguliwa bandeji, nataka awe wa kwanza kunitazama.

Babu yako,
fundi wa wino