Usimrudishe Mtoto Kwenye Mto Huu

Mama Nyaguthii, mke wa mwanangu Karanja,

Barua hii si ya siri. Nimeiandika kwa Kiswahili ndiyo hata yule kijana wa duka anayekupokelea mizigo hapo Sagana aisome, na majirani zako wasikie. Mimi shule niliiona kwa dirisha, kwa hivyo mwandiko ukikushinda usinicheke. Soma polepole. Kwa simu wewe unalia, mimi nagombana, na maneno yanaisha kabla hayajasemwa.

Unakumbuka siku uliyoletwa kwangu? Ulikuja na samaki wa kukaanga ndani ya kiondo, umewafunga kwa gazeti, zawadi ya mama mkwe. Samaki! Kwa nyumba yangu! Sisi wa huku Nyeri juu hatukulelewa na samaki. Baba yangu alikuwa akisema kitu kisicho na miguu ni ndugu ya nyoka. Nikakuuliza, "Kwani kwenu Sagana hakuna mbuzi?" Nawe bila kuogopa ukasema, "Mbuzi wako, Mama, lakini hawaogelei." Hapo nikajua Karanja ameleta mtu, si picha ya ukutani. Samaki wako nilimpa paka. Uliniona, ukanyamaza, na hiyo heshima yako bado ninayo.

Wanawake wa hapa wakakuita bibi wa samaki. Na kweli, sisi tulikuwa tukienda mtoni kuchota maji, tukachota, tukapanda. Wewe peke yako ndiye ulikuwa unaangalia ndani. Ulichuchumaa juu ya jiwe na mtoto wenu wa kwanza mgongoni, ukamwonyesha, "Ona huyo mwenye madoadoa. Ona kaa anaingia kwake." Mtoto akajua kusema samaki kabla ya kusema maziwa. Mimi nikiwa huku juu naita, "Leteni maji! Au leo tutapika macho?"

Kisha nyanya zikaja. Wanaume wakang'oa majani ya ng'ombe kando ya mto, wakalima mpaka ukingoni, mahali ambapo hata babu zao waliogopa kugusa. Nyanya ikikohoa, dawa. Mvua ikinyesha, dawa. Jua likiwaka, dawa. Jioni wanaingia mtoni na gambuti miguuni, wanasuuza pampu za dawa, wanamwaga masalio, chupa wanatupa kwa matete. Nilimwambia Karanja ukiwa hapo, "Wewe, hiyo pampu ungeiosha kwa sufuria yangu?" Akanijibu, "Mama, maji inatembea. Hiyo dawa saa hii imeshaenda zake." Imeenda wapi? Kwenu huko Sagana, kwa wakwe zake! Ati maji yanayotembea hayana uchafu. Huo ndio ujinga tuliorithi, na hakuna aliyeuliza yanatembea na nini.

Siku ile ulipanda mteremko ukikimbia bila hata mtungi. Wanaume walikuwa barabarani wakipakia makreti. Ukaniita mbele yao, "Mama, samaki wamegeuka tumbo juu. Wote! Na kaa wametoka, wamekaa juu ya mawe kama wamefukuzwa kwao."

Mmoja akakuambia, "Pole kwa msiba. Mazishi ni lini?"

Mwingine akasema, "Usisahau kutuambia tuje na mchango."

Walicheka mpaka mmoja akashikilia kreti asianguke. Wewe ulisimama na matope mpaka magotini, ukawaangalia mmoja mmoja. "Mnacheka kwa sababu samaki hamwali," ukawaambia. "Lakini mnakunywa."

Angekufa mbuzi mmoja hapo mtoni, wazee wangekaa kikao mpaka giza liingie. Angekufa ng'ombe, chifu angeitwa. Lakini samaki hawakuwa na mwenyewe, hawakuliwa na mtu, basi kufa kwao kukawa ni mchezo. Sijui watu wengine. Lakini huku kwetu kifo kilikuja kikiwa kimevaa magamba, tukakikosea adabu.

Sasa nitasema lile jambo, na wewe ukiona huwezi kusoma, mpe yule kijana asome.

Kiangazi mfereji wa bomba ulikauka, ukashuka na mtoto mtoni. Alikunywa kwa viganja, kama mimi nilivyokunywa, kama Karanja alivyokunywa, kama kila mtoto wa hapa. Juu kidogo, baada ya kona, watu wa nyanya walikuwa wakisuuza pampu. Mwanangu alikuwa mmoja wao. Mlipofika nyumbani mate yalikuwa yanamtiririka, anatetemeka, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Tulipanda sote boda boda moja, mimi nimemshika katikati. Tulipofika Ruring'u, karibu na mji, nilihisi ameongezeka uzito. Nilijua. Sikukuambia. Nilikuacha uendelee kumwimbia mpaka mlango wa hospitali, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya mwisho mliyotembea pamoja.

Alikuwa na jina langu, Nyaguthii. Wewe kwa adabu yako hukuwahi kumwita jina hilo, ulikuwa unamwita "mama". Siku tuliyomzika, nilizikwa nikiwa nimesimama, nimeshika shada la maua kama mgeni.

Daktari alisema ni sumu ya dawa ya shamba, na sote tulisikia. Lakini huku juu wakaanza: ati ni malaria, ati ni jicho la watu, ati mama yake alimlisha samaki. Hilo la mwisho ulilisikia hapo hapo kaburini, udongo haujasawazishwa. Ukaondoka na mimba na nguo za mwilini. Watu walisubiri nikulaani. Bado wanasubiri.

Nikuambie mto ukoje sasa, kwa sababu najua unaufikiria. Vyura wamenyamaza, mbu wamejaa mpaka mchana. Yule ndege wa buluu aliyekuwa anapiga mbizi hayuko, angekula nini? Ng'ombe wanatupa mimba. Watoto wa jirani wanajikuna mpaka damu, na mama yao, anayeniita Cucu kama wajukuu wangu, ananiambia kwa majivuno, "Cucu, sisi tunachemsha." Chemsheni! Daktari aliniambia moto unaua viini, sumu hautoi. Wanachemsha sumu, wanaiweka majani na sukari, wanaalika wageni.

Na mume wako, usidanganywe kwa simu. Amekonda, haongei, Jumapili anakaa nyuma kabisa kanisani. Nilidhani amejifunza. Juzi nimemkuta mtoni na pampu. Nilimchapa kwa fimbo, mwanaume mzima mwenye ndevu. Hakukimbia. Alisimama akachapwa mpaka mkono wangu ukachoka, kisha akainama akamalizia kuosha. "Mama, nyanya ziko shambani," akasema. "Nifanye nini?" Mimi nimezaa huyo mtu. Nakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye ulimpenda zaidi yangu.

Nimesikia umejifungua msichana, na kwamba umempa Nyaguthii tena. Hukulazimika. Baada ya yote, ungempa jina la mama yako na hakuna mtu angekulaumu. Nilipoambiwa nilikuwa nachambua maharagwe, na nilikaa hapo mpaka moto ukazima. Basi mimi niko huko kwenu, ninanyonya.

Sasa sikia. Karanja ameongea na wazee. Wanakuja Sagana na mbuzi kukuomba urudi na mtoto, na mimi wameniambia nije, kwa sababu ati mama mkwe akilia, bibi hurudi. Nitakuja. Sitalia.

Usirudi. Mimi mama wa Karanja ndiye nasema. Na huko kwenu pia huo mto unafika, kwa hivyo mtoto asiguse maji yake hata ya kunawa miguu. Mpe ya mvua, mpe ya mfereji wa bomba.

Wazee wakimaliza kuongea, na utajua wamemaliza kwa sababu watakohoa, usijibu kitu. Niletee vikombe. Nitakuwa nimebeba maji ya kwetu ndani ya chupa, nimeyachota mwenyewe pale chini ya kona jioni. Nitammiminia kila mmoja, nikianza na mwanangu. Atakayekunywa, kaa uongee naye. Na wote wakiviweka chini vikombe vikiwa vimejaa, ingia ndani ukamnyonyeshe mtoto, ufunge mlango. Wazee nitawarudisha nyumbani mimi.

Ubaki salama, na usikonde.

Ni mimi mama mkwe wako,
Cucu wa Nyaguthii aliyelala na wa Nyaguthii aliye mikononi mwako.