Mawe Niliyojengea Choo

Baba Neema, mume wangu,

Tangu tukuzike sijakuandikia. Leo nakuandikia kwa sababu sijui niuweke wapi uso wangu.

Yale mawe yako mazito, meusi yenye ukijani, uliyokuwa ukirudi nayo kutoka vilimani na kuyapanga nyuma ya jiko, nimeyajengea choo. Mvua iliangusha kile cha zamani. Fundi akasema mawe yamepungua, nikamwambia, "Chukua hayo hapo, mwenyewe hayupo." Nilisema hivyo, Baba Neema. Mwenyewe hayupo.

Juzijuzi akaja dada mmoja mjiolojia, amepanga gesti Karatu, anazunguka huku Baray akitazama miamba. Akaomba kujisaidia. Alikawia huko mpaka binti yako akataka kumfuata. Kumbe anapapasa ukuta! Akatoka akiuliza, "Mama, haya mawe yametoka wapi?" Akanieleza kwamba mwamba wa namna ile hutoka chini sana ardhini, na mara nyingine hubeba dhahabu na platinamu, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Akabandua vipande akapime.

Yametoka wapi? Ulinieleza mara nyingi, ugali ukipoa, nami nikikukatiza: "Leo tena mawe?" Sikumbuki hata jina la kilima. Niliona haya kusema mke hajui alikokwenda mumewe, nikanyoosha kidole kwenye kilima cha karibu. Dada wa watu akapanda juani kutwa nzima, Neema akimbebea maji. Wakarudi midomo imekauka, mikono mitupu. Na bado akanishukuru. Akanishukuru mimi! Ndipo nikalia nikamwambia ukweli, kwamba sikuwahi kukusikiliza.

Hakunikaripia. Jana amepiga simu: platinamu imo, kidogo, na dhahabu pia, kidogo. Lakini bila kujua kilima chenyewe, hawezi kumwambia mtu lolote la uhakika.

Nisamehe. Jumapili tukitoka kanisani nitakwenda kwa yule rafiki yako mfugaji uliyekuwa ukitembea naye. Nitamwomba anieleze mlikopita, na safari hii nitanyamaza mpaka amalize. Kisha nitapanda mwenyewe, na haya magoti yangu.

Pumzika, mume wangu. Nikifika huko juu sitakuita Baba Neema. Nitakuita Petro, kama nilivyokuita kabla hatujapata mtoto, na nitakaa hapo mpaka nione ulichokuwa ukikiona.

Mkeo