Kazi Niliacha Tangu Aprili

Malindi,
Agosti 1985

Mke wangu mpendwa, Mama Wakio,

Salamu nyingi kutoka huku pwani. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko milimani? Na mama, magoti yanamruhusu kutoka nje kuota jua? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na ndio ulionikalisha kuandika.

Mwezi wa Mei nilikuandikia kwamba mkubwa wa hoteli ameniomba nibaki mpaka apatikane dobi mwingine. Mama Wakio, ule ulikuwa uongo. Nilistaafu mwisho wa Aprili. Walinipa saa ya ukutani, wakanipigia makofi, na kesho yake mtu mwingine alikuwa amesimama penye pasi yangu.

Wewe ukanijibu kwamba umepaka chokaa chumba chetu ili nikija nikikute safi. Barua hiyo niliisoma mara moja, nikaikunja, sikuweza kuifungua tena.

Siku za kwanza niliamka alfajiri kama nilivyozoea, nikanyoosha shati langu, nikaenda mpaka getini. Askari akaniuliza, "Mzee Mwadime, umesahau kitu?" Nikamwambia nimesahau miwani. Siku ya tatu hakuniuliza. Alinitazama tu kwa huruma, nikarudi zangu.

Baadaye jirani yangu Mzee Athumani, fundi wa cherehani, akavunjika mguu, nikawa nakwenda hospitali kumtazama. Nikaona shuka moja imechanika, nikamwomba muuguzi sindano na uzi. Akaniletea shuka moja, kisha kumi. Mzee Athumani amekwisharudi kwake, lakini mimi bado naenda kila asubuhi, nashona na kukunja, na wauguzi wananiita Baba Shuka. Nilipata raha, na raha yenyewe ikanitia haya, maana nilikuwa nakuibia wewe.

Mle wodini amelazwa mtu wa Matsangoni aitwaye Kazungu, na mkewe Kadzo ndiye anayemuuguza. Siku moja Kadzo akaniuliza, "Baba, na mama yuko wapi?"

Sijui nilipatwa na nini. Nikasema, "Alitangulia."

Kadzo akaweka kikombe chini. "Pole, baba. Kumbe unakula peke yako."

Tangu siku hiyo akawa ananiletea sima na samaki kwenye bakuli lenye kifuniko. Nikala. Siku nane nilikula chakula cha mtu aliyefiwa na mke, na wewe uko hai, unanipakia chumba chokaa.

Siku ya tisa nililirudisha tonge bakulini. Nikamweleza yote. Nilidhani atanitukana. Yeye alilichukua bakuli, akalifunika, akasema, "Si mimi wa kuombwa radhi, baba. Mwandikie huyo uliyemzika."

Ndiyo maana nakuandikia.

Sikubaki huku kwa ajili ya mwanamke mwingine, wala pombe. Niliogopa nyumbani. Likizo ya mwaka jana nilishika jembe nikusaidie kuzibua mfereji, ukaninyang'anya huku ukicheka, "Kaa, wewe umekuja kupumzika." Ukanitolea kiti. Nilikaa pale likizo nzima nikikuona unavyoendesha kila kitu, ng'ombe, shamba, hata vikao vya kanisa. Ulifanya kwa mapenzi, najua. Lakini nilijiona mgeni kwenye nyumba niliyokuachia uibebe peke yako miaka ishirini na sita. Kosa ni langu, na badala ya kukwambia hofu yangu, nilikudanganya wewe, kisha nikawadanganya watu kwamba umekufa.

Nitapanda basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Sikuombi unisamehe siku hiyo hiyo. Naomba unipe kazi, hata ya kukata majani ya ng'ombe, unifundishe mahali nisipojua. Na kama una hasira, usinifiche. Nitakaa uani mpaka uniambie niingie.

Mfikishie mama shikamoo yangu. Msalimie shemeji yangu mwalimu, umwambie nitamtafuta. Na Wakio, binti yetu, usimfiche barua hii. Akiuliza baba yake alikuwa wapi miezi yote hii, mpe aisome mwenyewe.

Ni mimi mumeo niliyekukosea,
Mwadime