Shea Isiguse Tumbo la Baba Ziem

Baba Ziem,

Uji wa mtama uko kwenye sufuria, umefunikwa. Mimi nimekwenda shule ya jioni.

Mfuko wa choo wa tumboni usiubandike juu ya mafuta. Osha ngozi kwa maji ya vuguvugu tu, ikaushe bila kusugua, kata shimo la mfuko lilingane na tundu la tumboni, kisha ukandamize kwa kiganja mpaka ushike. Ndivyo alivyosema muuguzi. Mama yako ndiye aliyesema upake mafuta ya shea. Tunampenda, lakini mfuko haushiki penye mafuta. Uchafu hupenya chini yake na kukuunguza. Ndiyo maana umebabuka.

Na asubuhi, tulipopiga magoti kusali, mfuko ukateleza mpaka mkekani, harufu ikaenea, nawe ukasingizia, "Mbuzi huyo!" Mama yako akakujibu, "Mbuzi gani, mwanangu, anayenuka kila ukiinama?" Nikacheka kabla ya Amina. Mungu anisamehe. ~~Nawe umwombe radhi mbuzi.~~ Nawe unisamehe, maana ulininunia, ukasema hutapiga marimba kanisani Jumapili.

Utapiga. Tumeiombea siku hiyo tangu ulipolazwa hospitali. Ngozi ikianza kuwasha, badilisha mfuko papo hapo, usiningoje. Kopo la shea usilitafute. Nimekwenda nalo darasani.

Jumapili nitakaa karibu kabisa na marimba yako. Likitokea la kutokea, mimi ndiye nitakayesema ni mbuzi.

Mama Ziem